Saa Iliyokomea Mita Sita

Kila jioni, akishaosha vyombo na kuvianika kichanjani, Hilaria alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine wa mtaa wao pale Sumbawanga aliyekuwa nayo. Aliwasomea watu wazima Kiingereza. Mama Edwin wa nyumba ya pili alileta kopo la dawa ya kuhifadhi mahindi. Mzee wa kinu cha kusaga alileta boksi la vidonge vyake vya presha. Na baba yake, Alois, fundi seremala, alimrundikia makopo ya gundi na vanishi. Hilaria alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, na kwenye mtihani wa Kiingereza hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya pili.

"Huyu binti yangu," Alois alipenda kuwaambia wateja wake, "mpe karatasi yoyote ya Kizungu, anaimeza yote!"

Hilaria akisikia hivyo, kichwa kilivimba. Na tuseme ukweli, shida ilianzia hapo hapo. Maneno mengine hakuyajua. Mwanzoni alisema wazi, "Hili silijui, ngoja kesho nimuulize mwalimu." Lakini watu waliguna kidogo, naye akaona haya. Basi akaanza kuruka. Neno asilolijua analiruka, ukurasa mrefu anausoma nusu, kisha anamalizia kwa sauti ya kujiamini, "Ndiyo hivyo tu." Hakuna aliyedhurika, na yeye akajiaminisha kwamba hakuna atakayedhurika.

Mwezi wa pili, Jumamosi moja ya mvua, alikuja baba mdogo Polikarp kutoka Kirando. Alishuka kwenye basi la Namanyere na mfuko wa dagaa begani na migebuka mikavu, samaki wa ziwani, imefungwa kwenye gazeti, na kabla hajafika mlangoni mtaa mzima ulishajua amekuja. Polikarp alizungumza kwa kelele kama mtu anayemwita mwenzake aliye katikati ya ziwa. Hakuwa mkali hata kidogo. Masikio ndiyo yalikuwa mazito.

Kazi yake ilikuwa kuzamia. Nyavu zikinasa kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, au injini ya boti ikidondoka, wavuvi walimfuata yeye. Alivuta pumzi moja, akazama, akanasua, akarudi juu. Miaka kumi na tano ya kazi hiyo ilimharibia masikio yote mawili. Mzamiaji mwenye masikio mazima huambiwa na maumivu kwamba sasa amekwenda chini mno. Polikarp hakusikia maumivu tena, na hivyo hakuwa na kitu cha kumwonya.

Kwa sababu hiyo hakuzama bila kamba. Ilikuwa kamba ya katani yenye jiwe mwishoni na fundo kwa kila pima moja, yaani urefu wa mikono miwili ya mtu mzima ikinyooshwa. Mwenzake wa siku zote, Zephania, aliishusha kwanza kutoka kwenye mtumbwi na kuhesabu mafundo kwa sauti mpaka jiwe liguse chini. Yakiwa manane, Polikarp anazama akiifuata kamba. Yakifika tisa, hazami, hata mwenye nyavu alie machozi.

"Shikamoo baba mdogo!"

"Marahaba, msomi wangu! Njoo uone mambo!" Polikarp alinyoosha mkono. Kifundoni kulikuwa na saa nyeusi ya michezo, kioo chake kinang'aa. "Nimezawadiwa na mgeni mmoja kule visiwani. Kamera yake iliangukia majini, nikamtolea. Inahesabu mapigo ya moyo, inahesabu hatua, na kasema inapima hata kina cha maji! Kitabu chake hiki hapa. Nisomee."

Kilikuwa kijitabu cha kurasa arobaini, herufi ndogo kama mbegu za ulezi. Hilaria alisoma kurasa za mwanzo vizuri kabisa: kukimbia, kulala, kuogelea. Kisha akafika kwenye ukurasa wenye alama ya onyo juu yake. Maneno yalikuwa magumu, mistari imebanana. Baba mdogo alikuwa amemkodolea macho, anatabasamu, na baba yake kasimama nyuma akiona fahari. Hilaria akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, kama mtu anayesoma upesi.

"Inapima kina?" Polikarp aliuliza.

"Inapima."

"Mpaka wapi?"

Hilaria aliigeuza saa. Mgongoni kulikuwa na namba hamsini. "Mita hamsini, baba mdogo."

"Umesoma chote?"

"Nimesoma chote."

Polikarp alijipiga paja kwa furaha. "Basi Zephania na kamba yake wapumzike sasa! Mafundo tumeyahesabu vya kutosha."

Wiki tatu baadaye, Hilaria akiwa darasani, alimwona baba yake mlangoni. Alikuwa bado amevaa aproni ya kazini, vumbi la mbao kwenye nywele, na hakuwa anafuta machozi yaliyomtiririka. Alois hakuwa mtu wa kulia. Hilaria alisimama bila kuruhusiwa.

"Baba mdogo hayupo tena," Alois alisema. "Ziwa limemchukua."

Walifika Kirando jioni ile ile. Mama mdogo Asnath, mke wa Polikarp, alikuwa amekaa chini ukutani, sauti imemkauka, anawatazama waliomjia kama hawajui. Polepole Hilaria alisikia ilivyokuwa. Nyavu za mtu zilinasa karibu na mlango wa mto, mahali mvua zilipoleta tope na maji kuwa meusi. Polikarp alizama asubuhi, hakurudi. Wavuvi walimtoa mchana kwa kukokota wavu. Saa ilikuwa bado mkononi mwake, bado inafanya kazi, na kijana mmoja alipobonyeza ilimwonyesha kina kikubwa kuliko vyote alivyovifikia Polikarp siku hiyo. Mita sita.

Habari hiyo ilizunguka matanga yote kama moshi.

"Mita sita? Hata watoto wetu wanaokota sahani mita sita!"

"Polikarp afie mita sita? Haiwezekani. Sasa yule wa kwenye mtumbwi alikuwa anafanya nini?"

Wa kwenye mtumbwi alikuwa Zephania. Alisimama mbele ya watu akajieleza. Alisema alingoja, akaona muda umepita, akajitosa. Alizama mara mbili, hakufika chini, damu zikamtoka puani. Watu walitazamana. Mtu mzima ashindwe kufika mita sita? Mmoja akasema alilala. Mwingine akasema alilewa. Wa tatu akasema huenda waligombana. Zephania aligeuka huku na huku akitafuta hata uso mmoja unaomwamini.

Alois, kwa uchungu wa nduguye, alimwendea akamnyooshea kidole. "Ondoka kwenye matanga ya mdogo wangu! Ulimwacha afe kama paka, halafu unakuja kula ugali wetu? Ondoka!"

Zephania aliokota ndala zake, hata hakuzivaa. Alipita katikati ya watu akiwa ameinamisha kichwa, na hakuna aliyemwambia pole.

Hilaria aliyaona yote. Alizikumbuka zile kurasa. Kesho yake, walipokuwa wakikusanya vitu vya marehemu, alikiona kijitabu kwenye sanduku la nguo, akakificha ndani ya sweta lake.

Nyumbani Sumbawanga alikifungua akiwa na kamusi. Safari hii hakuruka kitu. Neno moja, kamusi. Neno la pili, kamusi. Siku mbili nzima kwa ukurasa mmoja! Alipomaliza alitamani kama asingeanza. Bado akajipa moyo kwamba labda amekosea, akampelekea mwalimu wao wa sayansi, Mwalimu Adriano, aliyekwisha kusikia habari za msiba na za mita sita, baada ya vipindi.

Mwalimu alisoma kimya. Kisha akasoma kwa Kiswahili, taratibu: "Saa hii haikutengenezwa kwa ajili ya kuzamia. Inapima kina kisichozidi mita sita. Ukipita hapo, namba haitaongezeka."

"Kwa nini, Mwalimu?" Hilaria aliuliza. "Mbona wameandika hamsini nyuma yake?"

"Hiyo hamsini ni habari ya maji kutoingia ndani. Kiwandani wanaiweka saa mpya kwenye mtambo wa maji yaliyotulia, wanayakandamiza maji hayo, wanaona kama saa inavuja. Basi. Haisemi kwamba itapima mpaka hamsini, wala kwamba mtu azame nayo mpaka hamsini."

"Na kina inapimaje?"

"Saa haioni chini, Hilaria. Ndani yake kuna kifaa kidogo kinachohisi maji yanavyokandamiza. Ukishuka mita kumi tu, maji yanakukandamiza kwa kiasi sawa na hewa yote iliyo juu yetu. Ukishuka kumi nyingine, yanaongeza tena kiasi hicho hicho. Saa inahisi mkandamizo, inapiga hesabu, inasema mita ngapi. Sasa kifaa cha saa ya michezo kimewekwa kwa ajili ya mtu anayeogelea juu juu. Waliitengeneza wakaijaribu, wakaona mpaka mita sita majibu yake yanaaminika. Zaidi ya hapo hawakuwa tayari kumhakikishia mtu. Saa ya wazamiaji hupitishwa kwenye majaribio makali zaidi. Lazima ipime sawasawa huko chini, ihesabu dakika ulizokaa, ikuonye ukipanda kwa haraka, kwa sababu mtu anaitegemea kwa uhai wake. Hii haikupita huko, ndiyo maana wakaiwekea ukomo."

"Lakini ilimdanganya!"

"Haikumdanganya. Ilikuwa inamwambia, 'Mimi mwisho wangu ni hapa.' Yeye akaelewa, 'Wewe umefika hapa,' akazidi kushuka." Mwalimu alifunga kijitabu. "Nani alimsomea?"

Hilaria aliangua kilio. Alilia mpaka kwikwi zikamkaba. Aliposema, alisema yote: namba hamsini, kurasa alizozifunua, na lile neno, nimesoma chote. Akamwambia pia habari ya Zephania.

Mwalimu Adriano hakumgombeza, wala hakumwambia si kitu. "Nikitaka naweza kwenda mimi nikaeleza," alisema. "Lakini maneno haya ni ya kwako, na kuna mtu anaumia kwa kuwa hayajasemwa. Ukiwa tayari, nitakusindikiza."

Hakuwa tayari kesho yake, wala keshokutwa. Aliogopa uso wa baba yake. Aliogopa zaidi kuitwa muuaji. Watu walipomletea makopo yao alisema kichwa kinamuuma.

Siku ya tano, wakila, Alois alisema huku akimega ugali, "Nimepata simu ya Kirando. Zephania anahama. Anavuka kwenda ng'ambo, Kongo, na watoto wake. Wenzao shuleni wanawaita watoto wa muuaji. Na waende! Kirando ipumue."

Hilaria aliweka tonge chini. Alikwenda kukichukua kijitabu, akarudi.

"Baba, Zephania hana kosa."

"Wewe umejuaje?"

"Nimejua kwa sababu kosa ni langu."

Alisema akiwa ameshika kijitabu kwa mikono miwili. Mama yake alijifunika uso kwa kanga. Alois alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akatoka. Walimsikia kule kwenye banda lake akipiga randa ubao, anapiga tu, bila kupumzika. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Jumamosi tunakwenda Kirando," alisema. "Nenda kamwambie mwalimu wako. Na wewe utayasema hayo mbele ya mtu niliyemfukuza."

Jumamosi hiyo uani kwa Asnath walikusanyika ndugu na majirani. Zephania aliitwa. Alikuja akaishia nje ya uzio, mikono kifuani, kama mtu aliyezoea kutukanwa. Hilaria alisimama katikati. Mara mbili alianza akashindwa. Mara ya tatu akayatoa yote, na hakujitetea.

Kisha mvuvi mmoja akatikisa kichwa. "Mtoto ana uchungu tu, anatafuta la kusema. Saa imesema sita. Saa ni mashine, itasemaje uongo?"

"Tusibishane," alisema Mwalimu Adriano. "Mahali panajulikana. Twendeni tukapime."

Kwenye mtumbwi waliingia Alois, Mwalimu, yule mvuvi mbishi, Hilaria, na Zephania aliyepiga kasia bila kumtazama mtu. Kamba ya mafundo aliileta yeye. Ilikuwa imelala kwake tangu Polikarp aliposema haina kazi. Mwalimu aliifunga saa, waliyopewa na Asnath, juu kidogo ya jiwe.

"Shusha mafundo matatu kwanza," alisema.

Walishusha, wakangoja, wakapandisha. Mvuvi mbishi aliikodolea saa. "Mita tano na kidogo," alisoma.

"Ndiyo urefu wenyewe wa pima tatu," Mwalimu alisema. "Hapo inasema sawasawa. Sasa shusha mpaka chini."

Zephania aliachia kamba, akahesabu kwa sauti kama alivyokuwa akimhesabia rafiki yake miaka yote. "Nne. Tano. Sita. Saba. Nane." Hapo sauti ilimkatika. Kamba ikaendelea kushuka. "Tisa," alisema, machozi yanamdondokea kwenye mikono. "Kumi. Kumi na moja." Jiwe likagusa chini.

Pima kumi na moja, karibu mita ishirini. Walivuta kamba yote juu, maji ya tope yakichuruzika ndani ya mtumbwi. Mvuvi mbishi aliishika saa, akaifuta kwa shati lake, akaitazama muda mrefu. Ilikuwa imeandika mita sita.

Alois alimshika Zephania bega. "Zephania. Ulizama humu mara mbili, nami nikakufukuza."

"Nilimwambia tushushe kamba," Zephania alisema akiwa ametazama maji. "Aliniambia, 'Saa inatosha, mshikaji wangu, hapa ni kina kifupi tu.' Nilimwamini. Kila siku najiuliza kwa nini sikuishusha kwa nguvu."

Waliporudi, yule mvuvi ndiye aliyewaeleza watu, na hakupunguza neno. Waliokuwa na midomo mirefu waliinamisha vichwa. Wengine walimwendea Zephania wakampa mkono, wakaomba radhi. Naye Hilaria alipiga magoti mbele yake, kisha mbele ya mama mdogo.

"Nisamehe, mama mdogo. Nilimwambia nimesoma chote."

Asnath alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani. "Sitakudanganya, mwanangu," alisema. "Uliyoyasema yameniuma sana, na yataniuma hata kesho. Baba yako mdogo alikuwa mtu mzima, kamba aliiacha mwenyewe. Lakini kama ungemwambia, 'Baba mdogo, ukurasa huu siuelewi,' angekutania kidogo, angecheka, na angekwenda kuzama na kamba yake. Kutojua hakukuwa kosa. Wewe ni mtoto, unajifunza, nani angekulaumu? Kosa lilikuwa kusema unajua, kwa sababu mtu akishakuamini anaacha kujilinda. Na hiyo saa nayo ilikuwa na mwisho wake, imeuandika wazi. Na wewe ukifika mwisho wa unachokijua, useme. Usiogope watu kuguna. Mguno unapita, mwanangu. Mimi nani atanirudishia Polikarp?"

Asnath alimwinua kwa mkono, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake, na hakumwachia upesi. "Umefanya vibaya," alisema tena, kwa sauti ya chini zaidi. "Na leo umefanya vizuri, ingawa ulikuwa unaogopa. Yote mawili uyabebe."

Kisha aligeuka. Zephania alikuwa bado nje ya uzio. Watu walikuwa wamemshika mkono, wamemwomba radhi, lakini mguu wake ulikuwa haujavuka kuingia uani. Asnath alimwendea yeye mwenyewe, akafungua mlango wa uzio mpaka mwisho.

"Ingia, shemeji," alisema. "Nawe umefiwa."

Zephania aliingia. Alikaa kwenye mkeka karibu na Alois, akafunika uso kwa viganja, na kwa mara ya kwanza tangu rafiki yake afe, akalia kwa sauti mbele za watu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.